Nilivyojifungia nje ya mtandao wangu mwenyewe

"Weka sheria zote kwenye drop, kaka, ulale usingizi." Ushauri huo nilipewa na jamaa anayejiita mtaalamu, nami nikaumeza mzimamzima. Suricata, programu inayokagua pakiti (vipande vya data) zinazopita mtandaoni, nikaiweka kati ya ruta na swichi ya ofisini, sheria maelfu, zote drop, yaani pakiti ikinaswa na sheria inatupwa. Nikalala kweli. Asubuhi hata chai sijanywa, mhasibu kapiga simu: mfumo wa mishahara haufunguki. Pakiti halali zilikuwa zinatupwa kimyakimya, kompyuta zinangoja jibu lisilokuja.

Sikukoma. Nikaandika kaskripti: anwani ya IP ikizua tahadhari tatu, inaingizwa kwenye ipset, orodha ya anwani zinazofungiwa, kwa sekunde 86400, yaani siku nzima. Nilijiona bingwa. Usiku huo, niko nyumbani na intaneti ya simu, nikataka kuijaribu. Nikaigonga poti 22 ya ofisini, mlango wa kuingilia seva ukiwa mbali, harakaharaka kama mwizi. Kimya. Imekubali! Nikashangilia peke yangu sebuleni, kisha nikakumbuka kwamba njia yangu ya kuingia kujifungulia ni hiyohiyo poti 22. Bodaboda saa tano usiku, kama elfu tano hivi, na mlinzi getini: "Fundi, kunaungua?"

Kumbe hata bosi nilikuwa nimemfungia. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, na yeye alikuwa nyuma ya ileile.

Basi nikarudisha sheria zote alert, yaani zitoe tahadhari tu bila kuzuia, nikasoma eve.json, faili la kumbukumbu la Suricata, wiki mbili. Kelele nyingi zilikuwa mashine yetu wenyewe ya kukagua mtandao. Hiyo nikaiandikia pass, yaani iachwe ipite. Wa nje wanaoleta mashambulizi ya kweli wanapata drop, wasubiri mpaka wachoke. Kompyuta za ndani nazipa reject: inarudisha RST, ishara ya kukata mawasiliano, mtu anaona kosa palepale na kunipigia, badala ya kukodolea macho kiduara kinachozunguka.

Kwenye iptables, ngome ya Linux inayoipelekea Suricata pakiti, weka --queue-bypass ili Suricata ikizimika pakiti zipite bila kukaguliwa, la sivyo ofisi nzima inakatika. Benki huenda wakataka kinyume chake. Sisi tunauza vipuri.

Kaskripti bado kapo, ila kanafunga dakika 10 tu, na seva ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, imo kwenye orodha ya wasioguswa. DNS hutumia sana pakiti za UDP, na hizo ni rahisi kughushiwa anwani ya mtumaji. Mtu akijifanya DNS yako, mashine itaifungia DNS kwa mkono wako mwenyewe. Hilo, ajabu, nililiwahi kabla halijanikuta.