Mashua Kwenye Nguzo

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii sala imenishinda. Mdogo wangu ni mvuvi, yuko dago, kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, upepo wa kusi umechachamaa, na leo ni siku ya tisa kila nikimpigia naambiwa simu haipatikani. Nikishika rozari, nikifika tendo la pili najikuta nahesabu siku badala ya Salamu Maria.

Ndipo nikakumbuka nguzo moja ambayo niliwahi kuiona pichani. Iko Blakeney, pwani ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, katika kanisa la Mtakatifu Nikolao. Enzi za kati Blakeney ilikuwa bandari ya watu wa bahari, na huyo Nikolao, askofu wa Mira (Uturuki ya leo), ndiye mabaharia walimkimbilia. Hata masalia yake yalichukuliwa na mabaharia, wale wa Bari, Italia, wakayapeleka kwao mwaka 1087. Basi pale kanisani, kwenye nguzo ya mwisho upande wa mashariki, watu walichora vyombo vyao kwa kitu chenye ncha: milingoti, kamba, matanga, vidogo vidogo tu. Nguzo ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, kwa hiyo kila mkwaruzo ulitokeza mweupe. Imeelekea altare ya pembeni na kidaka ambacho yamkini kilibeba sanamu ya mtakatifu. Michoro ni ya miaka mingi, mikono mbalimbali, lakini hakuna aliyechora juu ya chombo cha mwenzake. Kila mtu alimwachia mwenzake nafasi.

Mimi hiyo naiita litania, ile sala ya kuwataja watakatifu mmoja mmoja. Mtu hajui kusoma, maneno yamemwishia, mwanawe yuko majini. Anachora mashua, anaiacha mbele ya mtakatifu, anarudi nyumbani. "Washukao baharini katika merikebu," zaburi ya 107 inawajua watu hawa.

Leo kidaka ni kitupu. Sanamu ziliondolewa karne ya 16, enzi za Matengenezo ya Kiprotestanti. Jirani hapo, Binham, watakatifu waliochorwa kwenye mbao walifunikwa kwa rangi nyeupe na juu yake yakaandikwa maneno ya Biblia. Sasa rangi inabanduka na nyuso zinachungulia katikati ya mistari. Mashua za Blakeney zimebaki.

Najua wenzetu watauliza kwa nini tusimwendee Mungu moja kwa moja. Tunamwendea. Lakini ukimwambia jirani "niombee", umemwabudu?

Shida yangu haiko kwao, iko kwetu. Katika jumuiya zetu za kusali nyumba kwa nyumba tuna somo, mtakatifu msimamizi wetu, tuna vitenge vyenye picha yake, sikukuu ya somo ikifika pilau linanukia mtaa mzima. Halafu tukiulizwa nia za sala, tunasema "tuombee amani duniani". Amani duniani! Na nyumbani mume hajaonekana tangu Jumatatu, ada haijalipwa, kipimo cha hospitali kimefichwa chini ya godoro. Tunawaambia watakatifu "utuombee" kwa sababu wako mbali na hawatatusema mtaani. Aliye kwenye kiti cha plastiki pembeni yako hujamwambia lolote. Wingu kubwa la mashahidi unalisoma kwa Waebrania, na hili dogo la watu kumi na wawili sebuleni unalionea haya.

Nasema hivi nikiwa mkosaji wa kwanza. Alhamisi kwenye jumuiya, zamu yangu ya kutaja nia ilipofika, nilisema kwa sauti nzuri kabisa, "Tuwaombee viongozi wetu." Wakaitikia. Bibi mmoja aliyeketi karibu yangu akanitazama, akasubiri, kisha akauliza taratibu, "Na mdogo wako, mwanangu, chombo chake kinaitwaje?" Nikalia mbele za watu. Katibu akafungua daftari la mahudhurio, akaandika jina hilo chini ya majina yetu.

Hadi naandika haya Jumamosi jioni, hajapiga. Mkisali leo, msitaje viongozi kwa ajili yangu. Mashua inaitwa Si Neno, wako watano ndani yake.

Mtakatifu Nikolao, utuombee.