Sindano ya Walungu

Mama mdogo alikuwa amezoea kupimwa. Tangu aanze dawa za Sida alishajua mkono upi una mshipa mzuri, na kijana wa labo alinyooshewa huo kabla hajauliza. Kwa hiyo mwaka 2019, tulipoambiwa kwamba damu yake ina dalili ya homa ya ini aina ya C, hakupiga kelele. Alinigeukia tu: "Hii nayo imetoka wapi? Kwa mume gani tena?" Mumewe alikuwa amefariki zamani.

Daktari aliyetupokea hapo Bukavu hakuuliza habari za wanaume. Aliuliza alizaliwa wapi, na alipokuwa mtoto alichomwa sindano wapi.

Walungu, akajibu, kwenye dispansari. Akaanza kueleza: sindano ya kioo ikichemshwa asubuhi kwenye sufuria, kisha watoto wanapangwa mstari. "Moja tu, mwanangu, ilitupitia siye wote. Ukilia, unachomwa ukilia." Daktari akasema virusi vya C hupita hasa kwa damu; kwa njia ya unyumba ni mara chache zaidi. Nani angethibitisha ilikuwa sindano ipi? Lakini inawezekana kabisa aliishi navyo miaka mingi kabla ya Sida, bila kuumwa, maana ugonjwa huu hula ini kimyakimya, na Sida ikija juu yake unakimbia zaidi.

Nilidhani atafarijika. Alikasirika. Njia nzima ya kurudi nyumbani, mtaa wa Kadutu, alikuwa akinung'unika juu ya mashemeji zake, waliomhesabia kila homa kama deni la ndoa yake. Sikumtuliza. Kwa maoni yangu hasira ile ilikuwa imechelewa tu.

Kipimo cha kwanza huonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na virusi, basi. Kuna watu ambao miili yao huviondoa yenyewe. Kipimo cha pili, kinachotafuta virusi vyenyewe, kilivikuta. Wakampima na aina ya B pia, kwa sababu dawa za C zinaweza kuiamsha B iliyolala, hakuwa nayo.

Kilichotuchelewesha ni kidonge chake cha jioni, cha Sida. Kilikuwa na efavirenzi, ile dawa iliyomwotesha ndoto za ajabu (aliwahi kuota anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwa marehemu mama yake, na marehemu akaomba apunguziwe bei). Efavirenzi hupunguza nguvu ya daklatasviri, mojawapo ya dawa za C alizopangiwa. Ilibidi ama aongezewe daklatasviri kutoka miligramu 60 hadi 90, ama ahamishiwe dolutegraviri, dawa nyingine ya Sida. Wakamhamisha. Ndoto zikakoma, na nadhani alizikosa kidogo.

Kisha dawa za C zenyewe, sofosbuviri na daklatasviri, kila siku kwa wiki 12. Zamani ilikuwa sindano za interferoni, karibu mwaka mzima, na wengi walishindwa katikati. Yeye aliendelea kuuza samaki sokoni.

Wiki 12 baada ya kumaliza wakapima tena: virusi havikuonekana. Daktari akamwonya kwamba kile kipimo cha kwanza kitaendelea kusema "ndiyo" maisha yake yote, asikubali labo nyingine imtishe nacho. Na kwamba hakuna chanjo ya C. Anaweza kuambukizwa upya.

Jioni hiyo akaomba simu yangu, akaanza kuwapigia wa rika lake waliobaki Walungu. Wa kwanza akauliza kama kipimo kinalipiwa.

"Shuka Bukavu kwanza," akamjibu. "Maneno ya franka tutayaongea ukifika."