Siku moja maishani mwangu: fundi wa sola na boksi iliyonuka omena

Saa 11 na nusu asubuhi alamu inalia. Baridi ya Nairobi mwezi wa saba haina huruma, nakunywa chai haraka natoka. Leo tuko godauni moja Industrial Area, upande wa Lunga Lunga, paneli 48 za wati 550 juu ya mabati, laini nne za paneli 12 kila moja, zote zinaingia kwa ile boksi tunaita kombaina halafu zinatoka kama laini moja kwenda inveta, ile mashine ya kugeuza stima ya paneli iwe kama ya Kenya Power. Mwenyewe amelalamika stima ya sola imepungua tangu mwezi uliopita.

Saa 1. Kwa geti soja ananiangalia na mabegi. "Habari ya asubuhi mzee." "Nzuri kijana wangu, mmekuja kutoa hiyo harufu?" Harufu gani tena? Anasema mchana jua likiwaka ule ukuta wa nyuma unanuka omena na hakuna mtu anapika huko. Nikamwangalia Kevo, mwenzangu wa kazi, Kevo akaniangalia. Kuna plastiki za vifaa vya stima ambazo zikipikwa na joto hunuka samaki kabisa, kwa hivyo kazi ya kutafuta shida mzee ameshatumalizia nusu.

Saa 2. Hapa ndio watu hufa kwa kiherehere. Kuzima inveta hakuzimi paneli, mwanga ukiwepo hata kama kuna mawingu volteji iko, na kwenye hizi laini ni karibu 600. Tena ni DC, stima inayopita upande mmoja tu bila kugeuka. Stima ya Kenya Power ni AC, inageuka-geuka na hupita kwa sifuri mara 100 kila sekunde kwa hivyo cheche ikitokea ina nafasi ya kuzimika, ya DC haina hiyo nafasi, ukivuta fyuzi au ukichomoa MC4 (plagi za waya za paneli) wakati ampea zinapita inawaka na inaendelea kuwaka mbele ya uso wako. Kwa hivyo utaratibu wetu ni ule ule, inveta kwanza, halafu swichi kubwa ya DC, halafu klampu, kile kipimo cha ampea kinachokumbatia waya, kwa kila laini mpaka isome sifuri, ndio fyuzi zitoke, ndio Kevo apande kuchomoa MC4 kule kwa paneli, ndio nipime tena volteji kwa boksi kabla mkono wangu uingie. Na klampu iwe ya kusoma DC jamani, nyingi za bei ya chini pale maduka ya Luthuli zinasoma ampea za AC peke yake, utaona sifuri udhani uko salama na ampea 13 zinapita.

Saa 3. Laini ya tatu. Kishikio cha fyuzi kimekuwa rangi ya kahawia upande wa chini, ganda la waya limekauka na kupasuka, na nikiweka bisibisi kwa skrubu inazunguka na vidole viwili tu. Kuvuta waya, nyuzi kadhaa zimebaki nje ya tundu na ganda lenyewe limebanwa ndani, yaani skrubu ilikuwa inakamata plastiki badala ya shaba. Hata feruli hakuna, ile kofia ndogo ya chuma ya kukusanya nyuzi za waya. Wengi hudhani boksi huungua kwa sababu ni ndogo au fyuzi ni feki, na hizo zipo, lakini mimi nyingi ninazofungua ni skrubu. Piga hesabu, pahali palipolegea pakiwa na upinzani wa 0.1 ohm tu na ampea 13 zinapita, hizo ni wati kama 17 za joto kwenye kichwa cha skrubu kimoja, kila mchana. Shaba inapanuka, jioni inapoa, inalegea zaidi, kesho joto linaongezeka. Na fyuzi haikati! Fyuzi inaangalia ampea zikizidi, na hapa hazijazidi. Kazi yake ni siku laini moja ikipata shoti na zile tatu zingine zinasukuma ampea zao zote ndani yake kinyumenyume.

Saa 4 mpaka saa 7. Kukata waya mpaka shaba inayong'aa, feruli, kubana na plaiya yake (si ya kung'olea misumari, Kevo!), halafu bisibisi ya toki, ile inapima nguvu ya kukaza. Hiki kishikio kipya kimeandikwa 2.5 Nm, kwa hivyo ni 2.5, ikilia klik unaacha. Mambo ya "nimekaza mpaka basi" siyapendi, ukikaza kupita kiasi unakata nyuzi. Nikavuta kila waya kwa mkono, nikachora mstari wa rangi kutoka kichwa cha skrubu mpaka kwa plastiki, ikisogea siku moja mtu ataona bila kugusa. Tundu la waya lililokuwa juu ya boksi tukaliziba, waya zote sasa zinaingilia chini, maji ya mvua hayapandi.

Chapo madondo kwa kibanda cha mama pale nje, dakika ishirini.

Saa 8. MC4 zinarudi, napima kila laini kabla fyuzi ziingie: 583, 581, 584, 582, chanya ni chanya na hasi ni hasi. Laini moja ikiwa imegeuzwa hapa ndio utaona, ukishaweka fyuzi umechelewa. Swichi, inveta, na laini ya tatu inavuta sawa na wenzake.

Saa 10. Kamera ya joto. Vishikio vyote rangi moja, yaani joto ni sawa, nikapiga picha nikatuma.

Saa 12 jioni, niko kwa matatu imekwama Outering, mwenyewe anapiga simu. "Fundi, iliyoungua ni moja, mbona umenilipisha vishikio viwili?" Nikamwambia boss, ya pili ilikuwa imekaa ubavuni mwa hiyo moto, plastiki yake imeshapikwa, nimekuachia zote mbili kwa soja uzione. Akanyamaza kidogo akasema atatuma M-Pesa kesho. Kesho. Haya, sisi kesho ni Ruaka, kuna mtu amewekewa breka ya AC kwa laini ya DC.