Pantoni alipofika kidato cha pili

Nimefundisha kidato cha pili miaka kumi na moja hapa hapa Mwanza, na darasani huwa sipazi sauti. Nikiingia tu, watoto wanakaa. Sasa fikirieni nilivyojisikia siku jirani yangu Mama Kabula aliposema, kwa sauti ya kusikika mpaka mwaloni Kirumba: "Mwalimu, watoto wa watu unawaweza, kambwa kamoja kanakushinda?"

Mbwa mwenyewe anaitwa Pantoni. Nilipewa na shangazi Sengerema Januari 2025 akiwa na miezi miwili. Tulivuka naye ziwa kwa pantoni, kile kivuko cha watu na magari, kutoka Busisi hadi Kigongo, yeye ndani ya boksi la sabuni, akilia mpaka abiria wakaanza kumbembeleza. Jina nililipata humo humo. Miezi ya kwanza alikuwa malaika. Njoo, anakuja. Kaa, anakaa. Nikawa natembea Kitangiri kifua mbele, nikiwagawia ushauri wenye mbwa wakorofi. Mungu anisamehe.

Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, watu wakaagana na pantoni. Wa kwangu ndiyo kwanza alikuwa anawasha injini.

Alikuwa na miezi saba. Meno ya utotoni yalishang'oka, ya kikubwa yote 42 yameota na yote yanatafuta kazi. Alianza na ndala, akaja mguu wa stuli, akamalizia na bunda la mitihani niliyokuwa bado sijaisahihisha. (Wanafunzi ndio waliofurahi kuliko wote.) Mgeni akiingia, anarukiwa kifuani. Nikimwita, anageuka, ananitazama vizuri usoni kama mtu aliyesikia kabisa, halafu anaendelea na safari zake.

Kilele kilikuwa Jumamosi moja asubuhi. Mama Kabula alikuwa ametandaza dagaa kwenye nyavu juu ya jiwe lake kubwa. Pantoni alikuwa anamfukuza mjusi, wale wenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu wanaoota jua kwenye mawe yetu. Mjusi akapita katikati ya dagaa, Pantoni naye akapita. Kufika katikati akasahau alichokuwa anafukuza. Nilipofika nikihema, amelala chali juu ya wavu anajisugua mgongo, mdomo umejaa. "Mwalimu," Mama Kabula akasema, mikono kiunoni, "Pantoni wako kashapakia mzigo." Nikalipa kisado na nusu, kama elfu kumi na tano hivi, pamoja na maneno ambayo hayakuwa na bei.

Baada ya hapo kila mtu akawa mtaalamu. Mzee mmoja wa pale jirani akaniita pembeni, "Ng'wanawane (yaani mwanangu, kwa Kisukuma), mchanganyie nyigu na pilipili kwenye ugali, atakuwa mbwa wa kweli." Mzee, huyu ameshakuwa wa kweli kupita kiasi, na pilipili itamuunguza tumbo tu! Mwalimu mwenzangu akasema fimbo. Fimbo nilijaribu mara moja, nakiri. Alichojifunza Pantoni ni kwamba akinisogelea anapigwa, basi akawa hasogei kabisa.

Ushauri uliopendwa na wengi ulikuwa mnyororo: mfunge mchana kutwa, atatulia. Nikanunua mnyororo, nikamfunga kwenye mwembe. Siku ya kwanza alibweka mpaka mtoto mchanga wa wapangaji akakataa kulala. Siku ya pili alichimba shimo la kutosha kupanda mgomba. Siku ya tatu jioni nilimfungua, na ninachokumbuka ni upepo. Alizunguka nyumba mara sita, akapitia kamba ya nguo, akatokomea kuelekea ziwani na shuka langu la maua shingoni kama bibi harusi. Alirudi saa nne usiku, ananuka samaki furu waliooza. Shuka sikuliona tena.

Aliyenifumbua macho ni Masanja, kijana wa bodaboda. Alipita siku moja, Pantoni akamkimbilia, Masanja akasema "kaa" bila hata kuzima pikipiki. Akakaa! Mimi nilikuwa nimemwambia mara nane asubuhi hiyo. Hasira nilizokuwa nazo, we acha.

Usiku nikakaa na simu, nikakuta habari ya watafiti wa Uingereza, ya mwaka 2020, waliofuatilia mbwa wanaolelewa kuwaongoza wasioona. Wakiwa na miezi minane, mbwa hao waliikaidi "kaa" ya mlezi wao kuliko walipokuwa na miezi mitano, lakini mtu baki akiwaambia walitii. Nikacheka peke yangu. Hao si ndio watoto wangu wa kidato cha pili? Mzazi anakuja shuleni analia, mtoto hamsikii nyumbani, na mimi namshangaa kwa sababu kwangu ni mpole.

Basi nikaacha kumkimbiza. Mbwa wa umri ule ukimfuata mbio anaona mmeanza mchezo. Nikanunua kamba ya manila, mita kumi hivi, kwa wauza nyavu, na dagaa nikawaosha mchanga (dagaa wetu mnawajua) nikawakausha bila chumvi. Wakakaa mfukoni mwa dera. Tukipanda mawe jioni, kamba inaburuta nyuma yake. Akijisahau, simwiti mara kumi. Namwita mara moja, kisha nakimbia upande wa pili na kujificha.

Ndiyo, mwalimu mzima. Siku moja nimechuchumaa nyuma ya jiwe, kanga nimejifunika kichwani, dagaa watatu kiganjani, nimebana pumzi. Nasikia hatua. Nikatoa mkono taratibu na kunong'ona, "Njoo baba, njoo uchukue." Kuinua macho, ni mwanafunzi wangu kabeba ndoo ya maji.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umemaliza kazi ya hesabu?"

Akasema bado, akaondoka haraka sana. Nusu dakika baadaye Pantoni akaja mbio, anahaha, ananitafuta kila ufa. Aliponiona alifurahi mpaka akajikojolea. Hapo ndipo niliposhinda, ingawa Jumatatu darasa zima lilikuwa linanong'ona.

Kurukia watu kuliisha kwa kumgeuzia mgongo, na hiyo ilichukua wiki nyingi kwa sababu Masanja alikuwa anampigia makofi. Akinivuta kwenye kamba nasimama kama jiwe mpaka alegeze. Alipokaribia mwaka, daktari wa mifugo alimhasi alipompa chanjo ya kichaa, kama laki hivi ukiweka na nauli. Safari za usiku zilipungua, lakini msidhani kisu ndicho kilichomfundisha "njoo".

Mama Kabula sasa ananiwekea dagaa waliovunjika, anawaita mzigo wa Pantoni, na bei haipunguzi. Pimbi tu ndio bado. Akiwaona juu ya mawe, dagaa hawana thamani tena, na mimi naikanyaga kamba kwa miguu yote miwili.