Vumbi la Mauche ndani ya silinda ya tatu

Leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri ili nimalize kufunga injini kabla upepo haujaamka. Hapa Free Area, mtaa wa Nakuru, kiangazi kikishika, ikifika saa nne upepo unashuka kutoka upande wa volkano ya Menengai na vumbi laini kama unga wa uji. Tulifundishwa tukiwa wadogo kwamba jina Nakuru limetoka kwa neno la Kimaasai la mahali penye vumbi. Nililikariri, nikapata alama, nikasahau. Limenirudia mwezi huu, bloki ya injini ikiwa wazi juu ya meza nyuma ya nyumba.

Ni injini aina ya 5A, ya Toyota Corolla 110 ya mama. Silinda 4, valvu 16, sisi 1498. Sijawahi kufungua injini maishani. Kubadilisha plagi na oili, basi. Lakini gari lilianza kutoa moshi wa bluu, tena mwingi, na kila Jumapili nilikuwa naongeza oili. Nikaazima kwa fundi jirani geji ya kompresheni, ile ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Silinda ya kwanza ilisoma PSI 140, ya pili 138, ya nne 135. Ya tatu ilisoma 85. Fundi akaniambia nisiogope kuona hata zile nzuri ziko chini ya kipimo cha kitabu, kwa sababu Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi. Cha kuangalia ni tofauti ya silinda na mwenzake. Akamimina kijiko cha oili ndani ya ile ya tatu, tukapima tena. Ikapanda mpaka 120. Oili ilikuwa imeziba nafasi ambayo ringi za pistoni zimeshindwa kuziba. Tatizo halikuwa valvu.

Nilipotoa hedi, kifuniko cha juu cha injini, nilipitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda. Karibu na juu, pale ringi zinapogeukia, ulikuwepo ukingo. Chini yake chuma kimeliwa. Pistoni nazo zilikuwa na mikwaruzo imesimama wima, mingi, kama mtu amezisugua kwa msasa. Nikauliza msasa ungeingiaje humo. Nikaenda kufungua kasha la filta ya hewa.

Ile filta ilikuwa na tundu ambalo kidole changu cha mwisho kilipita.

Naandika sehemu hii polepole. Mama alilitumia gari hili miaka kwenda Mauche kuchukua viazi na kabichi, akizirudisha mjini kuuza, na kule juu ukiacha lami ni vumbi tupu. Karo yangu ilitoka humo, ya kidato cha kwanza mpaka cha nne. Kila likizo alinituma nipeleke filta ipulizwe kwa kompresa, maana mpya ilikuwa ghali. Nilikuwa nauweka mdomo wa mpira wa kompresa kabisa juu ya karatasi ya filta na kupuliza kwa nguvu zote ili itoke nyeupe. Nilijisikia kijana wa maana. Kumbe karatasi ile ikipulizwa hivyo hupasuka, na kila pasuko ni mlango. Vumbi letu hili la majivu ya volkano ni mchanga mkali. Likishaingia linachanganyika na oili, linakuwa dawa ya kusugulia chuma.

Nilimwambia mama jioni hiyo hiyo. Alinyamaza, akaendelea kuchambua maharagwe. Halafu akasema, "Basi kesho nionyeshe cha kuosha, baba." Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la babake.

Fundi wa mashine kule Industrial Area alikataa kuipokea bloki mpaka nimletee pistoni mpya mkononi. Silinda hutobolewa kufuata pistoni zilizopo, akasema, si namba iliyoandikwa kwenye boksi. Nilimheshimu kwa hilo. Akaongeza nusu milimita kila silinda, na bloki ikarudi inang'aa.

Nikadhani imekuwa tayari. Kazi ya kuiosha ndiyo ilikuwa kazi. Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi, halafu unapangusa kwa kitambaa cheupe. Nilipangusa, kitambaa kikatoka na kivuli cha kijivu, nikasema inatosha. Mama akakishika kitambaa, akakiinua kwenye mwanga, akakirudisha. "Hii ungempa mtoto avae?" Tukaosha tena. Akakataa tena. Mara ya nne kitambaa kilitoka kilivyoingia, ndipo akaniruhusu nipake oili, haraka, maana chuma kilichooshwa hivyo huanza kutu ukikitazama. Njugu na bolti alikuwa amezipanga kwenye mikebe ya Kimbo, kila mkebe na karatasi yake ndani. Mwandiko ni ule ule wa daftari lake la madeni ya soko.

Kufunga kulikwenda vizuri kuliko nilivyohofia, isipokuwa krenkishafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, iligoma kuzunguka nilipokaza ya tatu kati ya kepu zinazoishikilia. Mshale wake ulikuwa umeangalia nyuma. Niliigeuza, ikalegea. Ringi nilizipanga midomo yake, pale zilipokatwa, isikutane. Bolti 10 za hedi nilizikaza kuanzia katikati kwenda nje: kwanza kwa kipimo cha Nm 29, kisha robo mzunguko, kisha robo nyingine. Kabla ya robo hizo nilitia kila kichwa cha bolti tone la rangi ya kucha ya dada yangu. Matone yote yalianza yakiangalia mbele, na nilipomaliza yote 10 yalikuwa yanaangalia nyuma. Nilisimama nikayatazama muda mrefu.

Leo alfajiri nimefunga sampu, bakuli la oili la chini ya injini. Nikatia spana mbele, nikaizungusha injini kwa mkono, mara mbili kamili. Uzito wake ni mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, haukwami popote. Kesho, winchi ikipatikana, inarudi garini. Kabla ya kuiwasha nitaizungusha kwa stata bila plagi mpaka taa ya oili izime.

Saa tatu na nusu majani ya mparachichi yakaanza kutikisika. Mama akatoka na leso zake mbili, akaifunika injini, akachomeka pindo chini ya meza pande zote. Filta mpya bado iko kwenye boksi lake, juu ya kabati la vyombo. Ameomba asiiweke mtu mwingine.