Kupunguza nitrati katika tangi la maji ya chumvi

Wengi wetu tunaofuga samaki wa baharini nyumbani hufikia siku ambayo kipimo cha nitrati kinasoma miligramu 50 au hata 80 kwa lita, ilhali maji yanang'aa na samaki wanakula kama kawaida. Katika miamba ya matumbawe baharini kiasi hicho kwa kawaida huwa chini ya miligramu 1. Samaki wengi huvumilia ongezeko hilo kwa muda mrefu. Wanaotangulia kudhoofika ni matumbawe na wanyama wengine wasio na uti wa mgongo, na mwani nao husambaa juu ya mawe. Msimamo wangu ni kwamba nitrati ni hesabu ya chakula kinachoingia na uchafu unaotoka, na kwamba chupa za dawa zinazouzwa madukani haziwezi kuisawazisha hesabu hiyo ikiwa mfugaji hajaanza na chakula chenyewe.

Chakula cha samaki kina protini, na protini ina nitrojeni. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na mabaki yanayooza chini ya mawe hutoa amonia pia. Bakteria wanaoishi juu ya mawe na mchanga huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, kazi inayohitaji oksijeni nyingi. Safari huishia hapo katika matangi mengi, kwa kuwa bakteria wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayopotelea hewani hufanya hivyo mahali ambapo oksijeni imekwisha au inakaribia kwisha, yaani ndani kabisa ya mawe yenye vitundu au chini ya mchanga wenye kina. Ndiyo maana ninayathamini mawe hai mazuri, yaani mawe ya baharini yenye vitundu vinavyokaliwa na bakteria hao, kuliko kifaa chochote cha umeme.

Kabla ya kutibu, ni vyema kuhakikisha kwamba kipimo kinasema kweli. Baadhi ya vipimo hutoa jibu kwa nitrojeni iliyomo ndani ya nitrati badala ya nitrati yenyewe, na jibu hilo lazima lizidishwe kwa 4.43 ndipo lilinganishwe na viwango vinavyotajwa kwa kawaida. Aidha, katika tangi jipya ambalo bado lina nitriti, vipimo vingi vya rangi husoma nitrati nyingi kuliko iliyopo.

Kwa upande wa chakula, nayeyusha chakula kilichogandishwa, nakichuja, na kumwaga maji yake, kisha nalisha kidogo kidogo ili kisifike chini. Sponji ya kichujio inapaswa kusuuzwa kila baada ya siku chache, kwa sababu uchafu ulionaswa humo bado uko ndani ya maji na unaendelea kuoza. Sponji iliyosahaulika kwa mwezi mzima huzalisha nitrati badala ya kuizuia. Skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa povu, ina faida kubwa kwa sababu huutoa kabla haujaoza, ingawa haiwezi kuondoa nitrati ambayo imeshatokea.

Suala la maji ya kubadilishia linastahili uangalifu zaidi. Shirika la Afya Duniani huruhusu hadi miligramu 50 za nitrati katika lita moja ya maji ya kunywa, kiasi ambacho hakimdhuru mtu mzima lakini ni kingi mno kwa matumbawe. Visima vya mijini vilivyo karibu na vyoo vya shimo vinaweza kuwa na nitrati nyingi, kwa hiyo pima maji kabla ya kuyatia chumvi, na ikibidi tumia maji yaliyochujwa kwa mashine ya utando. Sisi tunaoishi Mombasa tunaweza kuchota maji baharini, lakini si katika hori wala karibu na mito, hasa msimu wa masika mvua inapoteremsha udongo na majitaka. Ni afadhali kuchota upande wa bahari kuu wakati maji yamejaa.

Hesabu ya kubadilisha maji iko wazi. Ikiwa tangi lina miligramu 50 na maji mapya hayana nitrati, kubadilisha asilimia 20 kunakuacha na 40, na kufanya hivyo mara nne mfululizo kunakufikisha karibu na 20, mradi isiongezeke nyingine katikati. Kushusha ghafla si busara, kwa sababu matumbawe yaliyozoea hali moja huumizwa na badiliko la haraka.

Kwa hiyo napendelea kusaidiwa na mwani unaokuzwa katika tangi dogo la pembeni lenye taa yake, kisha ukavunwa mara kwa mara; nitrati hutoka pamoja na mwani unaoutupa. Wengine huongeza siki nyeupe isiyo na viungo ili kulisha bakteria wanaoinyonya nitrati, na njia hii hufanya kazi, lakini bakteria hao hutumia oksijeni, kwa hiyo anza na mililita 1 kwa kila lita 100 kwa siku, na usijaribu bila skima inayofanya kazi usiku na mchana. Panapokatika umeme mara kwa mara, nisingeithubutu kabisa. Ikumbukwe pia kwamba mwani na bakteria huhitaji fosfati. Ikiwa imekwisha kabisa, nitrati hubaki pale pale hata ukiongeza siki.

Sifuri si lengo langu, kwa kuwa matumbawe yaliyokosa nitrojeni hupauka. Tangi la matumbawe naliweka kati ya miligramu 2 na 10, na la samaki peke yao chini ya 40. Kipimo kikishuka chini ya 2, napunguza kwanza saa za taa ya mwani, kisha naongeza chakula kidogo.