Kompilesheni za hevi metali: zipi zina roho na zipi hazina

Wiki nzima nimekuwa nabishana na rafiki yangu mmoja kuhusu kompilesheni za hevi metali, yaani albamu zinazokusanya nyimbo kutoka sehemu mbalimbali, yeye anasema zote ni ujanja wa lebo, zile kampuni zinazotoa muziki, kukuuzia mara ya pili kitu ambacho tayari unacho, mi nikawa namjibu kwa meseji fupi fupi mpaka nikaona hapana, hili jambo linataka nafasi, ngoja niliandike lote.

Kwanza tusichanganye mambo. Kuna kompilesheni ya bendi moja, zile za nyimbo bora, afu kuna ile ya bendi nyingi, kumi hivi, kila moja imeleta wimbo wake na nyingi hakuna aliyewahi kuzisikia. Zote tunaziita jina moja lakini hata undugu hazina. Hiyo ya bendi nyingi ndo imeujenga huu muziki, na kwenye hilo sirudi nyuma hata hatua moja.

Chukua Metal Massacre ya 1982. Brian Slagel alikuwa kijana tu anafanya kazi kwenye duka la santuri huko Los Angeles, na pembeni anachapisha kijarida chake cha mashabiki. Anaona bendi za pale kwao zinapiga vizuri lakini hakuna lebo inayozigusa, basi akaamua kuzikusanya mwenyewe kwenye santuri moja. Lars Ulrich, mpiga drams aliyekuja kuanzisha Metallica, akamwomba nafasi wakati hata bendi yenyewe hana! Akapewa, na hiyo ahadi ndo aliyoenda nayo kwa James Hetfield waanzishe bendi. Wakarekodi Hit the Lights kwenye kimashine cha kaseti cha njia nne za kurekodia, Lloyd Grant akapiga solo la gitaa, na Lars akafika na hiyo kaseti siku ileile ya mwisho kazi iko kwenye masteringi, ile hatua ya mwisho kabla ya kuchapa santuri. Studio wakasema kaseti haifai, lazima ihamishiwe kwenye utepe wa studio, na hiyo ni dola 50. Lars hana, Slagel hana, rafiki yao aliyekuwepo pale ndo akazitoa mfukoni. Santuri za kwanza zilipotoka jina la bendi likaandikwa vibaya, Mettallica badala ya Metallica, t mbili.

Mi hiyo t ya ziada naipenda sana, kwakweli. Inakuonyesha kwamba pale hakuna kampuni kubwa, hakuna idara ya kukagua kava, ni watu wachache wanafanya haraka kwa hela ya kukopana kwa sababu wanaamini hizi bendi lazima zisikike. Na lebo ya Metal Blade imezaliwa hapohapo. Mwaka uliofuata toleo la tatu linafunguliwa na Slayer, wimbo unaitwa Aggressive Perfector, na Slagel aliwapata alipowaona jukwaani wakipiga nyimbo za Iron Maiden, hata zao wenyewe walikuwa nazo chache. Toleo la tano likawaleta Voivod kutoka Kanada. Sasa mtu akiniambia kompilesheni ni takataka za lebo namuuliza, bila hizi hao wote wangepitia mlango gani?

Uingereza walitangulia kidogo. Metal for Muthas ilitoka mapema 1980 chini ya lebo ya EMI, na mtu aliyekuwa nyuma yake ni Neal Kay, DJ aliyekuwa anapiga hevi metali klabu wakati redio hazitaki hata kusikia. Iron Maiden wamepewa nyimbo mbili mle, Sanctuary na Wrathchild, wengine wote moja moja, na miezi michache baadae albamu yao ya kwanza ikatoka. Ukiisikiliza hiyo Wrathchild na ile iliyokuja kwenye albamu yao ya Killers mwaka 1981 utaona kama mtu yuleyule kabla na baada ya kukua, mle ndani bado Doug Sampson ndo yuko kwenye drams, rifu, yale mapigo ya gitaa yanayojirudia, lipo, besi ya Steve Harris ipo, lakini ule mkimbio bado. Angel Witch na Praying Mantis wanapiga vizuri sana pia. Zingine ni za kawaida, sitadanganya, kuna wimbo au mbili naziruka kila mara. Ila nisikilize: kompilesheni ya bendi nyingi haihitaji kila wimbo uwe mzuri. Unachosikia ni chumba kizima, waliokuja kuwa wakubwa na waliopotea wote wako pale kwa wakati mmoja na siku ile hakuna anayejua nani ni nani. Albamu ya kawaida haiwezi kukupa hicho kitu.

Kuna moja nitakaa nayo kidogo. Scandinavian Metal Attack, 1984. Mara ya kwanza naisikiliza nilikuwa na hedifoni, usiku, nimeshapandisha sauti kwa ajili ya bendi zingine zilizomo, ambazo ni hevi metali safi, kila kitu kinasikika mahali pake, mwimbaji anaimba, gitaa zinang'aa. Afu ikaingia Bathory. Wimbo unaitwa Sacrifice. Nikakaa wima kitandani. Gitaa limekuwa kama ukuta wa mchanga unaomwagika, drams zinatoka kama zimepigwa kwenye chumba cha jirani, na mwimbaji wao Quorthon haimbi, anakoroma kwa hasira. Nilirudisha nyuma nikacheki kama faili limeharibika. Halijaharibika. Nikarudia tena, na tena, na hizo bendi zingine sikuzirudia tena usiku ule. Sasa ndo nije kusoma baadae kwamba mashabiki wa wakati ule walifanya hivyohivyo, barua zilizoenda kwa lebo nyingi zilikuwa zinaulizia Bathory, na ndo wakapewa nafasi ya kurekodi albamu yao ya kwanza mwaka huohuo. Wangetoa albamu peke yao bila hiyo kompilesheni, nani angeinunua? Ila wakiwekwa katikati ya watu wasafi, tofauti inakupiga usoni. Huo ndo uwezo wa kompilesheni, kuweka vitu viwili jirani.

Na sio Ulaya na Marekani tu. Brazil kuna Warfare Noise ya 1986, lebo ya Cogumelo ya Belo Horizonte iliweka bendi nne za mji wao, Sarcófago, Mutilator, Chakal na Holocausto, na mpaka leo ukitaka kujua metali kali ya Brazil imetokea wapi unaanzia hapo.

Haya, sasa za nyimbo bora. Hapa rafiki yangu ana haki nusu.

Nilishanunua moja ya bendi ninayoipenda, sitaitaja wala lebo sitaitaja, nikafika kwenye wimbo ninaousubiri, solo la pili linakaribia, yaani najua kabisa ni pumzi ngapi zimebaki, na sauti ikaanza kushuka taratibu, ikashuka, ikaisha. Wamekata dakika nzima! Waliweka toleo fupi la redio na kwenye kava hawajaandika popote. Niliumia jamani. Mtu aliyeipanga hiyo albamu hakuwahi kuusubiri huo wimbo hata siku moja, maana aliyewahi kuusubiri asingekata pale.

Na hata bila kukata, shida inabaki, ni mpangilio. Seventh Son of a Seventh Son ya Iron Maiden, 1988, ni hadithi moja, inaanza na gitaa la kawaida lisilo la umeme na maneno machache na inaisha na yaleyale, na The Prophecy inakuachia mlango wazi ndo The Clairvoyant inaingia na besi. Ukiing'oa The Clairvoyant ukaiweka kwingine bado ni wimbo mkubwa lakini imeingia bila mlango. Best of the Beast ya 1996 imefanya hivyo. Ila hiyo hiyo Best of the Beast naitetea, kwa sababu aliyeipanga alifikiri: toleo la sidii mbili linaenda kinyumenyume, linaanza na Virus, wimbo mpya wa wakati ule na Blaze Bayley, mwimbaji wao wa wakati huo, afu Sign of the Cross ya dakika kama kumi na moja, yaani albamu ya nyimbo bora wimbo wa pili ni dakika kumi na moja!, afu unashuka miaka kwa waimbaji waliomtangulia, Bruce Dickinson mpaka unafika kwa Paul Di'Anno mwishoni. Inakuwa kama unachimba kisima.

Black Sabbath wao We Sold Our Soul for Rock 'n' Roll ilitolewa na uongozi wao wa zamani, bendi yenyewe haikushirikishwa. Nyimbo zilizomo ni za dhahabu, albamu sita za kwanza, watu wangapi wameingia kwa Sabbath kupitia hiyo. Siwezi kuichukia. Lakini siku hizi mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia aanze na albamu ya Paranoid yenyewe au Master of Reality, zote ni fupi, hazimchoshi mtu.

Ninayoiheshimu kuliko zote upande huu ni No Remorse ya Motörhead, 1984. Lebo ilitaka kukusanya nyimbo za zamani basi, na bendi ilikuwa imebadilika, Würzel na Phil Campbell wameingia kwenye magitaa, Pete Gill kwenye drams. Lemmy, kiongozi wa bendi, hakukubali bendi yake izikwe ikiwa hai, wakarekodi nyimbo nne mpya zikaingia mle, na mojawapo ni Killed by Death, ambayo ikaja kuwa kati ya nyimbo zao zinazojulikana zaidi. Nyimbo za zamani akachagua mwenyewe na maelezo akaandika mwenyewe. Kwahiyo hata ya bendi moja inaweza kuwa na roho, sharti mwenye nyumba awepo wakati wa kupanga.

Rafiki yangu akaja na hoja ya mwisho, kwamba siku hizi kuna plejilisti, programu inakupangia yenyewe, kompilesheni ya nini tena. Nikamwambia programu inakuletea kinachofanana na ulichosikiliza jana, isingekuletea Bathory baada ya bendi safi hata siku moja kwa sababu havifanani. Slagel aliweka jina lake pale na hela asiyokuwa nayo. Hakunijibu, ila jana usiku kanitumia meseji anaulizia toleo la tatu la Metal Massacre linaanza na wimbo gani, nikamwambia aweke tu asiulize.